Mabomba ya Nyumba Yetu

Kwa miaka mingi maji ya nyumbani kwetu Mombasa yalitoka mekundu kila alfajiri, na mama akisita kuyatawadhia. Tukimtuliza kwamba maji yaliyogeuzwa na kutu ya bomba yapitamo yangali tohara. Na ndivyo wasemavyo mafakihi wa Kishafii. Lakini hukumu ile tuliifanya kisingizio cha kutotoa fedha! Hata siku moja jirani akatuonyesha ukuta wake wa matumbawe, umelowa mpaka darini. Fundi alipolikata bomba, zinki ilikuwa imekwisha kuliwa, na kutu imeziba ndani hata penseli haipiti. Tukatia mabomba ya plastiki, yaungwayo kwa moto. Ukuta wa jirani ulipokauka tuliupaka chokaa wenyewe. Yeye hakutudai kitu, nasi tuliona haya kumtazama usoni.