Fundi wa Ridhaa

Wapenzi wa ngumi wanalijua vizuri neno ridhaa. Bondia wa ridhaa hapigani kwa ajili ya donge nono. Anapanda ulingoni kwa kuwa amependa. Lakini neno lenyewe ni kubwa kuliko ulingo. Kutoa ridhaa ni kukubali kwa hiari yako jambo ambalo ungeweza kulikataa, tena ukijua unakubali nini. Maana hizi mbili, ya kupenda na ya kukubali, nilizikuta zimekaa pamoja mahali ambapo sikutegemea kabisa: katika sheria za Marekani zinazohusu ndege zinazoundwa nyumbani.

Ndiyo, nyumbani. Watu wanaunda ndege kwenye gereji zao, katikati ya mashine ya kufulia na baiskeli za watoto, na si jambo lililoanza jana. Chama chao kikubwa, EAA, kilianzishwa na Paul Poberezny kule Milwaukee mwaka 1953, na kila kiangazi ndege kwa maelfu hukusanyika Oshkosh, Wisconsin, nyingi zikiwa zimetoka kwenye gereji za namna hiyo. Mimi naishi Ohio, jimbo la ndugu Wright, ambao tukumbuke walikuwa mafundi baiskeli. Ile ndege yao ya 1903 nayo haikutoka kiwandani.

Yangu ni Zenith CH 750, ya viti viwili, iliyosanifiwa na Chris Heintz. Unainunua ikiwa vipande: mabati ya alumini, mirija, michoro. Bati hushikana na bati kwa ribiti za kuvuta, maelfu kwa maelfu. Unatoboa, unalainisha kingo za tundu zisije zikaanzisha ufa, unapaka rangi ya kinga pale bati zinapolaliana, unabana, unavuta. Kesho tena hivyo hivyo. Nilifanya kazi hiyo kwa miaka 4, jioni nikitoka kazini.

Haikuwa kazi ngeni kwangu. Baba yangu ni fundi bati. Karakana yake ilikuwa Gerezani, Dar es Salaam, na kwa miaka zaidi ya 40 alitengeneza matranka, yale masanduku ya wanafunzi wa bweni. Nimekulia kwenye kelele za nyundo. Niliposhika bati la bawa kwa mara ya kwanza, mikono ilijua la kufanya kabla yangu. Nilichokuwa sikijui ni karatasi.

Maana ndege ya nyumbani, bwana, ina bati nyingi lakini ina karatasi nyingi zaidi. Kanuni ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, inataka sehemu kubwa ya ndege iwe imeundwa na watu walioifanya kazi hiyo kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha tu. Waundaji huiita kanuni ya asilimia 51. Hapo hazihesabiwi saa, zinahesabiwa kazi: nani kaunganisha mbavu za bawa, nani kafunga mitambo ya kuongozea. Kupaka rangi ya nje hakumo kwenye hesabu. Kushona viti hakumo. Kuunda injini hakumo. Na kazi uliyomlipa mtu akufanyie haiwezi kuhesabiwa kuwa yako. Ndiyo sababu unaandika daftari na kupiga picha hatua kwa hatua, kwani siku ya ukaguzi utaulizwa: tutajuaje kama ni wewe?

Baba alikuja kunitembelea mwezi Juni, kwa visa ya miezi 6. Injini ilikuwa imeshafungwa. Bawa moja lilikuwa bado wazi. Asubuhi ya pili tu nikamkuta gereji, miwani puani, anapitisha ukucha juu ya mstari wa ribiti.

"Shikamoo, baba. Umeamka mapema."

"Marahaba. Mstari umenyooka," alisema. Kwa baba yangu hiyo ni hotuba nzima.

Akaomba kazi. Nilisita kidogo, kwa sababu yeye ni fundi wa kulipwa tangu kabla sijazaliwa. Nikarudi kwenye kanuni. Kumbe haiulizi kama msaidizi wako ni fundi. Inauliza kama amelipwa. Basi tukalifunga bawa pamoja, wiki nzima, nami nikaandika kwenye daftari: kazi hii nimesaidiwa na baba, bila malipo. Nilipomsomea alicheka mpaka akavua miwani. "Miaka yote 40 nalipwa," alisema, "uzee huu ndiyo nimekuwa wa ridhaa!"

Picha ndizo zilimshangaza. Gerezani, alisema, mteja analigonga tranka, akiridhika analipa. Hakuna anayeuliza daftari.

Kilichomgusa zaidi ni bamba. Kila ndege sharti iwe na bamba la chuma lisiloungua kwa moto, na juu yake limechapwa jina la muundaji, aina ya ndege na namba yake. Muundaji si kampuni iliyouza mabati. Ni aliyeunda. Kwa hiyo pale ambapo ndege nyingine zina jina la kiwanda, yangu ina jina langu na la baba yangu. Baba alilishika bamba lile muda mrefu. Maelfu ya matranka yake yalisambaa nchi nzima, na hakuna hata moja lililoandikwa jina lake.

Mkaguzi alikuja uwanjani mwishoni mwa Septemba. Alisoma daftari kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama ndege. Kisha akachungulia ndani kwa tochi, akasukuma usukani huku na huku akitazama kama mabawa yanajibu upande unaotakiwa, akakagua alama za koki ya mafuta. Alipomaliza akatoa cheti, na pamoja nacho kurasa za masharti.

"Kwa hiyo serikali imesema ni salama?" baba aliuliza.

"Hapana, baba. Imesema nimeiunda mimi, na kwamba haikuona cha kuizuia isijaribiwe."

Nikamtafsiria kibandiko ambacho ni lazima kiwekwe mbele ya macho ya abiria. Kinamweleza abiria kwamba ndege hii imeundwa na fundi wa ridhaa, na kwamba haitimizi kanuni za usalama zilizowekwa kwa ndege za kawaida. Baba alinitaka nirudie. Akanyamaza, kisha akasema: "Huo ni ungwana. Wanakuambia kabla hujapanda."

Ungwana huo una gharama yake, na wapo waliolipa. Oktoba 1997, mwanamuziki John Denver alianguka na ndege ndogo aina ya Long-EZ katika ghuba ya Monterey, California, akafa. Msanifu wa ndege hizo, Burt Rutan, alikuwa amechora koki ya kubadilishia matangi ya mafuta mbele ya rubani, mahali panapofikika kirahisi. Aliyeiunda ndege ile aliihamisha, akaiweka nyuma ya bega la kushoto. Sheria haikumzuia, uhuru wa kubadilisha ni sehemu ya jambo lenyewe. Lakini Denver hakuwa yeye muundaji. Aliinunua. Wachunguzi waliona kwamba mafuta yalikuwa machache alipoondoka, na kwamba ili kuifikia koki ile ilimbidi ajigeuze kitini huku anarusha. Uamuzi wa fundi mmoja gerejini ulimsubiri mtu mwingine angani.

Nilikuwa na kisa hicho kichwani nilipoanza majaribio. Nilipangiwa saa 40, ndani ya eneo lililochorwa kwenye ramani, mbali na makazi ya watu wengi. Abiria haruhusiwi. Unapanda peke yako, unapima mwendo mdogo kabisa ambao ndege bado inashikilia, unapima inavyopanda, inavyokata kona, joto la injini. Unashuka, unaandika. Oktoba nilipata saa nyingi. Novemba mawingu ya Ohio yalishuka hadi karibu na miti, na siku zikaanza kwenda bila mimi kuondoka ardhini.

Tiketi ya baba ya kurudi ilikuwa ya Desemba. Ana miaka 76 na moyo wake hauko sawa. Wote wawili tulijua safari kama ile huenda isijirudie, ingawa hakuna aliyesema. Wiki ya mwisho nilikuwa na saa 29. Jamaa mmoja pale uwanjani, kwa nia njema kabisa, alinivuta pembeni: mpe mzee mzunguko mmoja, dakika 10, nani atajua?

Jibu nilikuwa nalo, ila sikuwa na moyo wa kwenda kumwambia baba. Yeye ndiye aliyenianza, ndani ya gari, tukirudi nyumbani.

"Yule bwana kakuambia unipandishe."

"Ndiyo, baba."

"Tranka likifumuka stendi, mwenye aibu ni fundi, lakini anayeokota nguo ni mtoto wa watu. Maliza saa zako."

Kesho yake hali ya hewa ilifunguka kwa saa 2. Nikaruka, yeye akasimama nje ya uzio na koti langu, kofia ameivuta masikioni. Niliporudi akaniuliza joto la injini lilifika ngapi. Siku ya tatu akapanda ndege ya watu wengi, akarudi Dar.

Saa ya 40 niliimaliza Machi. Watu wengi wanadhani hapo ndipo serikali inakuja tena kusema neno la mwisho. Haiji. Sheria inamtaka rubani mwenyewe aandike kwenye daftari la ndege kwamba inadhibitika katika mwendo na mizunguko yake yote ya kawaida, haina tabia za hatari, na ni salama kurushwa. Sentensi ya usalama, ile ambayo baba aliitafuta kwenye cheti, kumbe naiandika mimi, na kutia sahihi. Nilimsomea kwa simu. Alikaa kimya, halafu akasema: "Soma tena hapo kwenye jina."

Nyumbani, kila baada ya muda tunaona video ya kijana aliyeunda ndege uani kwao. Tunamshangilia siku mbili, kisha habari inapoa. Watu husema tatizo ni injini, au fedha, na kweli fedha ni tatizo. Lakini mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini waliunda ndege aina ya Sling 4 kutoka kwenye vipande, ikaruka kutoka Cape Town hadi Cairo. Hawakuwa na mikono kuliko ya vijana wa Gerezani. Walikuwa na njia iliyonyooka: vipande vilivyosanifiwa na wanaojua, watu wazima wa kuwasimamia, na mahali pa kupeleka kazi yao ikakaguliwe. Kijana wetu mara nyingi anapewa makofi bila mkaguzi, au katazo bila maelezo. Vyote viwili vinamwacha peke yake na bati lake. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia: andika daftari, piga picha, tutakuja kuona, na ukishafaulu utaruka peke yako kwa saa kadhaa kabla hujambeba mtoto wa mtu.

Baba ameomba visa tena. Ananiuliza kama kile kibandiko kinaweza kuandikwa kwa Kiswahili, maana anataka akisome mwenyewe kabla ya kufunga mkanda. Cha Kiingereza kitabaki pale pale sheria inapotaka. Cha pili nimeshakichapa.