Maji Niliyotaka Kuyamwaga

Asubuhi isiyo na mawingu, sisi tukaao Juja huuona Mlima Kenya ukiwa mbali upande wa kaskazini. Kwa miaka mingi niliutazama nikienda ofisini, hata Februari 2023 nikaazimia kuupanda. Mwalimu wa mtoto wangu aliniomba picha za mimea ya huko, pamoja na majina yake, zitundikwe darasani.

Tulishika njia ya Naro Moru, na siku ya pili tukawasili Bonde la Teleki, kwenye kimo kipatacho futi 13,700. Hapo palikuwa na lobelia nyingi, zimekaa chini mithili ya kabichi kubwa. Baadhi yake zilishika maji kama bakuli. Nyingine zilikuwa kavu. Nami, kwa haraka ya karani apendaye kufunga jalada kabla ya jioni, nikaziandika zote kwa jina moja, nikidhani zile kavu zimekaushwa na jua.

Kisha nikainama nimwage maji ya moja, ili kamera ipate kuuona moyo wake. Mzee aliyetuchukulia mizigo akanishika mkono. "Mwanangu," akasema, "hilo ndilo blanketi lake. Ngoja asubuhi."

Alfajiri tulirudi. Juu ya maji palitanda barafu; chini yake maji hayakuganda, na chipukizi lilikuwa salama. Hiyo ndiyo *Lobelia keniensis*. Zile kavu ni aina nyingine, *Lobelia telekii*, iitwayo kwa jina la Teleki, msafiri wa Hungaria aliyefika mlimani humo mwaka 1887. Hiyo huishi miaka mingi, huchanua mara moja tu, kisha hufa.

Naliona haya. Kama si mzee yule, ningaliua mmea kwa ajili ya picha, na darasa zima lingalijifunza uongo niliouandika kwa mkono wangu.

Basi, msomaji, ukienda mlimani usipige picha ya ua peke yake. Piga mmea mzima, majani yake na shina lake. Weka fimbo kando ili ukubwa ujulikane. Andika mahali na kimo. Usichume kitu. Tena muulize mwenyeji, kwani kuuliza si ujinga.

Leo picha mbili zimetundikwa darasani, kila moja na jina lake. Picha ya moyo wa lobelia sinayo, wala siitamani.