Kizuizi Chema

Kuzuia ni neno lisilopendwa. Azuiaye chakula huitwa bahili, azuiaye maneno huitwa mkali, na azuiaye njia huitwa adui. Hata hivyo, si kila kizuizi ni uovu. Katika kujifunza habari za viumbe visivyoonekana kwa macho nimekuta kizuizi kimoja kilichonipa kipimo cha kuvipimia vingine, na kipimo hicho ndicho nitakacho kumtolea msomaji.

Ndani ya bakteria iitwayo Escherichia coli, ikaayo matumboni mwetu, urithi umeandikwa katika DNA kama kitabu. Mnakili wa kitabu hicho ni kimeng'enya kiitwacho polimerasi ya RNA. Hufungua nyuzi mbili za DNA na kuandika habari yake katika uzi wa RNA. Nakala nyingi huenda kutumiwa katika kuunda protini. Lakini iko moja isiyokwenda huko. Jina lake ni RNA ya 6S, na urefu wake ni nukliotidi 184. Ikisha kuandikwa, humrudia mwandishi wake ikamshika mkono.

Humshika kwa werevu. Umbo lake lafanana na DNA iliyokwisha kufunguliwa: nyuzi zimeshikana pande zote mbili, na katikati pana uwazi. Polimerasi iliyofungamana na sigma 70, sehemu iionyeshayo mahali pa kuanzia, hunaswa hapo, isipate kushika DNA. Chakula kikiwa tele, RNA hii ni chache. Kikipungua, yenyewe huongezeka, hata polimerasi nyingi za namna hiyo zikawa kifungoni. Seli isiyo nayo hukua bila taabu wakati wa shibe, lakini njaa ikidumu kwa muda mrefu, udhaifu wake hudhihirika.

Ajabu kubwa ni namna ya kufunguliwa. Mwaka 2006 Karen Wassarman na Ruth Saecker walionyesha kwamba chakula kirudipo, na malighafi ya kuandikia ikiongezeka, polimerasi huanza kunakili kile kile kifungo chake. Hutoa nakala fupi sana, na kwa tendo hilo kifungo huachia. Kizuizi kiliwekwa na njaa. Shibe yakiondoa, bila ya kungoja hisani ya mtu.

Nilipokuwa mtoto, mama alitundika magunzi ya mahindi ya mbegu juu ya moshi wa meko. Mwaka wa ukame tulilala na njaa tukiyatazama, na mdogo wangu alilia, wala mama hakuyagusa. Mvua ya kwanza ilipopiga aliyashusha siku ile ile. Nilimjua pia mlezi mmoja aliyezuia ada ya mtoto wa nduguye kwa sababu mwaka ulikuwa mbaya. Miaka mizuri ikaja, ghala lake likajaa, naye akaendelea kuzuia. Mtoto akawa mtu mzima asiyejua kusoma barua yake mwenyewe. Siku ya kwanza watu hawa wawili walifanana, kwa kuwa wote walisema hapana. Tofauti yao ilionekana siku ya neema.

Basi kipimo changu ni hiki: usikiulize kizuizi ukali wake tu, kiulize mwisho wake. Kizuizi chema kina sababu, na sababu ikiondoka nacho huondoka. Kizuizi kibaya huisahau sababu yake kikajifanya desturi, na desturi ikapata walinzi. Mwenye kukabidhiwa mali, watoto au watu wa kuwaongoza hana budi kujua, siku anaposema hapana, ni jambo gani litakalomfanya aseme ndiyo.

Wenye elimu nao walizuiwa kuijua RNA hii kwa muda mrefu. Ilionekana mwaka 1967, na mpangilio wake ukasomwa mwaka 1971. Kazi yake haikujulikana mpaka mwaka 2000, pale Wassarman na Gisela Storz walipoikuta imeshikamana na polimerasi. Miaka 33 iliandikwa vitabuni kama kitu kilichopo kisicho na kazi ijulikanayo, na miaka yote hiyo, katika kila tumbo lililo hai, ilikuwa ikifunga na kufungua kwa wakati wake.