Debe la Saba

Ndugu wasomaji, dengu nyingi za nchi yetu hutoka upande wa Shinyanga na Mwanza. Sisi wa Mbeya na Iringa, katika mazao ya jamii ya kunde, riziki yetu ni maharage. Tukipanda mwezi wa Machi, mvua za mwisho huyakuza, na ifikapo Juni au Julai yamekauka, tayari kupurwa. Ni zao la baraka: halidai mbolea nyingi kama mahindi, tena huirutubisha ardhi.

Lakini lituhuzunishalo ni gunia. Gunia la desturi ni debe 6. Mnunuzi ajapo na lori lake hutaka debe la saba lirundikwe juu na kufungwa kwa kamba; hiyo ndiyo lumbesa. Bei hulipa ya gunia moja. Na kwa kuwa nauli ya lori na ujira wa wapagazi huhesabiwa kwa gunia, kila gunia livimbapo faida ni yake. Piga hesabu, ewe kijana: auzaye magunia 6 kwa lumbesa ametoa gunia la saba bure. Naye mkulima hukubali, kwani mavuno yamemkuta na karo za watoto na madeni ya duka, wala hana ghala la kungojea bei.

Sisi nasi tuliuza hivyo miaka mingi, na kila tulipoketi barazani baada ya Alasiri tuliwalaumu wachuuzi. Chuoni tukawasomesha watoto Suratul Mutaffifin, iwaonyayo wapunjao vipimo.

Siku moja alikuja mwanafunzi wetu, ametumwa maharage na mamake. Nyumbani twauza kwa kopo. Akatuamkia, kisha akatia mkono ndani ya kopo. "Maalim, mbona kitako chake kimeingia ndani?" Tukamkemea aache ufidhuli. Akainamisha kichwa, akapokea maharage, akaenda zake.

Usiku ule hatukupata usingizi. Kopo lile tulilijua. Lilibonyea zamani, nasi tukaliacha kwa kuwa lilitufaa. Asubuhi tulimpelekea mama yule haki yake na ziada, tukamtaka radhi. Na mtoto tukamtaka radhi mbele ya wenzake. Wengine tuliowapunja hatuwajui wote. Deni hilo lingali juu yetu.

Sheria ya nchi hairuhusu gunia la mazao kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, upo kwa kazi hiyo. Lakini sheria haina jicho katika kila shamba. Basi sisi na majirani wanne tulichangia mizani, tukauza kwa kilo. Mnunuzi wa kwanza aliondoka kwa hasira. Wa pili alinunua, baada ya wiki tatu za kungoja.

Tena iko zaka. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, maharage yakuzwayo na mvua hutolewa sehemu moja katika kumi yakitimia wasaki 5, yaani pishi 300. Tutazijuaje pishi hizo, na gunia letu halina kipimo?

Enyi vijana, msingoje mnunuzi awe mwema kwanza. Anzeni na kopo la nyumbani. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa watimizao vipimo. Amin.