Mhusika Asiyekumbuka Kwao

Mara ya kwanza nicheze Dungeons & Dragons niliulizwa: kwenu ni wapi?

Si mimi haswa, ni mhusika wangu. Tulikuwa watano kwa sebule ya rafiki yetu Umoja, Jumamosi mchana, chai na mahamri katikati ya karatasi na dadu. Kila mtu alikuja na historia ya mhusika wake. Mmoja alikuwa mtoto wa mfalme aliyefukuzwa. Mwingine mchawi aliyetoroka shule. Mimi nilikuwa na mwizi anaitwa Kito. Nikasema, "Hakumbuki kitu. Aliamka tu kando ya mto."

DM, yaani yule anayesimamia hadithi, alicheka. "Sema tu hukufanya homework." Kisha akasoma orodha ya vitu vya Kito: kamba, kisu, ufunguo. "Ufunguo wa nini?"

"Hajui."

Wachezaji wengi huona mhusika aliyepoteza kumbukumbu kama njia ya mkato ya mvivu. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna Planescape: Torment, gemu ya kompyuta ya mwaka 1999. Mhusika mkuu anaamka kwenye chumba cha maiti, hajui jina lake, na mgongoni amechorwa tattoo za kumwelekeza aanzie wapi. Kadiri unavyocheza, unakutana na watu aliowaumiza. Yeye amesahau. Wao hawajasahau.

DM wetu alikuwa ameicheza hiyo gemu. Siku ya nne ya mchezo tulifika kijiji fulani. Mama muuza samaki akamwangalia Kito, akamvuta mtoto wake ndani, akafunga mlango. Hakusema neno. Nikarusha dadu ya pande 20 nione kama Kito atakumbuka chochote. Ikatua 17.

"Unasikia harufu ya moshi," DM akasema. "Na unaujua huu moshi."

Nikaweka kalamu chini.

Januari 2008 nilikuwa na miaka saba. Tulitoka nyumbani, huko Bonde la Ufa, usiku, nyuma ya lori, mathe ametufunika na godoro. Hatukurudi. Nyumbani hiyo stori haiguswi. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, nasema Nairobi. Akisisitiza, nasema nilikuwa mdogo, sikumbuki.

Nakumbuka. Nakumbuka jirani alivyogonga dirisha kutuambia twende sasa hivi, na vile alivyompa mathe thermos ya chai. Nakumbuka anga lilivyokuwa jekundu upande wa sokoni.

Kumbe Kito hakuwa uvivu. Nilikuwa nimetengeneza mtu ambaye kweli hakumbuki, ili nipumzike kujifanya.

Wakati wa break DM alinifuata jikoni. "Kama hutaki twende huko, sema. Nabadilisha, hakuna atakayejua." Hilo ndilo ningemwambia yeyote anayetaka mhusika wa aina hii: ongea na DM wako mapema kuhusu yale usiyotaka yaguswe. Ukiacha shimo kwenye historia, kuna mtu atalijaza. Na mpe mhusika kitu kimoja cha kushika, kovu au jina au wimbo, la sivyo hadithi haina pa kuanzia.

Nilimwambia aendelee, lakini polepole.

Kuhusu ule ufunguo, naapa sikuwa nimeufikiria. Lakini usiku huo nikakumbuka bunda la funguo za baba. Tangu nikiwa mtoto lina ufunguo mmoja wa zamani, mzito, ambao hauingii mlango wowote wa nyumba tunayokaa.

Jumapili nilimkuta anasikiliza redio. Bunda lilikuwa mezani.

"Baba, huu ni wa wapi?"

Alipunguza sauti ya redio. Akakaa kimya hadi nikadhani hatajibu.

"Mlango wa nyuma," akasema. "Ule wa mbele haukuwahi kufunga vizuri."