Bawabu Aliyechonga Ufunguo

Nyumba yenye watu wengi haikosi mtu mmoja mwenye funguo zote. Mgeni hupewa chumba chake, watoto hupewa chao, na mtumishi huruhusiwa jikoni na ghalani. Lakini mwenye nyumba peke yake ndiye awezaye kufungua kila mlango. Kompyuta nazo zimewekewa daraja za namna hiyo. Mtumiaji wa kawaida huandika barua zake na kutazama picha zake. Msimamizi huweza kuongeza programu na kubadili mipango ya mashine. Juu ya hao wote yuko mmoja aitwaye root, yaani mzizi, awezaye kusoma, kubadili na kufuta karibu kila faili iliyomo. Jina hilo lilitoka katika mfumo wa Unix, ulioanzwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani. Katika mfumo huo kila mtumiaji ana nambari yake, na nambari ya root ni 0. Sifuri, ambayo ikisimama peke yake sokoni haimnunulii mtu hata kiberiti, humo ndimo ilimopewa enzi.

Daraja hizo hazikuwekwa kwa ajili ya fahari. Ziliwekwa ili madhara yasivuke chumba yalimoanzia. Programu mbaya ikiingia kwa mkono wa mtumiaji wa kawaida, yamkini itaharibu vitu vya mtumiaji huyo na kukomea hapo. Ikiingia kwa mkono wa root, itajificha katika misingi ya mashine na kuusikiliza kila mlango. Ndiyo sababu wezi wa elimu hii hawaridhiki na kuingia ndani tu. Wakiisha kuingia hutafuta ngazi, na kasoro yoyote katika mfumo inayompandisha mtu daraja asiyopewa huhesabiwa kuwa hatari kubwa, hata kama haimtoi mtu nje na kumleta ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na wenye kulinda kompyuta hawajapata maneno mafupi kuliko hayo.

Kampuni ya Apple, ambayo mfumo wake wa kompyuta za mezani uitwao macOS ni wa ukoo wa Unix, ilichagua njia ya busara. Ilimlaza root usingizi. Mashine mpya ilipouzwa, jina lake lilikuwamo katika daftari la watumiaji, lakini halikuwa na neno la siri, na mtu hakuweza kuingia kwa jina hilo mpaka msimamizi amwamshe kwa kusudi. Wenye mashine wengi waliishi naye miaka mingi wasijue kwamba yumo. Hapana mlango ulio salama kuliko ule usio na ufunguo duniani, maadamu bawabu anaelewa kwamba kukosekana kwa ufunguo maana yake ni kukataza.

Tarehe 25 Septemba 2017 Apple ilitoa toleo la mfumo huo lililoitwa High Sierra. Toleo lenyewe lilianza kwa mkosi. Kabla ya wiki mbili kupita, ilibidi litolewe sahihisho tarehe 5 Oktoba, kwa kuwa katika diski nyingine zilizofungwa kwa siri, mtu aliyeomba dokezo la kumkumbusha neno lake alionyeshwa neno lenyewe, wazi, herufi kwa herufi. Watu walicheka, sahihisho likapokewa, na jambo likasahauliwa. Kubwa zaidi lilikuwa limelala humo humo ndani.

Ilikuwa hivi. Mtu aliyekaa mbele ya mashine yenye High Sierra aliweza kufungua ukurasa wa watumiaji katika mipango ya mfumo na kubofya picha ndogo ya kufuli. Mashine ilimtaka jina la msimamizi na neno lake la siri. Akifuta jina lililokuwapo, akaandika root, akaacha mahali pa neno la siri patupu, kisha akabofya kitufe, alikataliwa. Akibofya tena, alikubaliwa. Mara nyingine ilimpasa kurudia zaidi ya mara mbili. Lakini hapakuwa na hila nyingine, wala chombo, wala elimu iliyotakiwa. Mtoto ajuaye kuandika herufi nne aliweza kuwa mwenye nyumba. Na pale ambapo mashine ilikuwa imeruhusiwa kutazamwa na kuendeshwa kutoka mbali, haikumlazimu mtu hata kuwa katika chumba kimoja nayo.

Kukataliwa kwa mara ya kwanza na kukubaliwa kwa mara ya pili ndiko kulikoficha siri yote. Patrick Wardle, mchunguzi wa usalama wa mashine za Mac, alifuatilia hatua za programu inayokagua majina na maneno ya siri, akaeleza alichokiona. Programu hiyo ndiyo bawabu. Akiletewa jina, hutafuta katika daftari alama ya siri iliyohifadhiwa mbele ya jina hilo, ailinganishe na neno aliloletewa. Kwa root aliyelazwa hapakuwa na alama. Bawabu mwenye akili timamu angesema hapo hapo kwamba huyu hapiti. Lakini bawabu wa High Sierra alikuwa amefundishwa jambo la pili: kwamba wako watumiaji wa zamani, ambao alama zao zilihifadhiwa kwa namna ya kale, nao wasisumbuliwe, wakaguliwe kwa namna ile ya kale, na wakionekana ni wa kweli waandikiwe alama mpya. Basi akaenda kwenye njia ya kale. Ukaguzi wa huko ulirudisha jibu, naye akalisoma vibaya, akadhani mambo yamekuwa sawa. Akachukua neno aliloletewa wakati ule, akalitengenezea alama mpya, akaiandika mbele ya jina la root. Akamwamsha aliyelala. Yule mtu alipobofya tena, bawabu alilinganisha neno na alama aliyoiandika mwenyewe punde hivi, akaona vinapatana, akamfungulia.

Kwa hiyo si kweli, ingawa magazeti mengi yaliandika hivyo, kwamba neno la siri la root lilikuwa tupu tangu mwanzo. Halikuwapo kabisa, na neno lolote ambalo mtu angeandika lingegeuka kuwa neno la kweli. Bawabu aliulizwa kama ufunguo huu unaingia katika kitasa, naye badala ya kujibu akauchonga ufunguo ufuate kitasa. Tena kosa hili halikuzaliwa na uvivu wala ukatili. Lilizaliwa na huduma: mtu fulani aliwahurumia watumiaji wa zamani, akawawekea njia ya kupita kwa wepesi, na njia hiyo haikupimwa kwa mtu asiyekuwa na alama yoyote, ya kale wala ya sasa.

Hapa pana jambo lililowaumiza watu wasio na hatia, nalo halikusemwa kwa sauti ya kutosha. Habari zilipoenea, maelfu kwa maelfu walitaka kuona kwa macho yao. Walikwenda kwenye mashine zao, wakaandika root, wakabofya mara mbili, wakashangaa, wakafunga. Lakini kwa kujaribu huko walikuwa wamemwamsha root na kumwachia neno tupu. Mlango waliouchungulia ulibaki wazi nyuma yao. Aliyekuwa mwepesi wa kupima kama yuko salama ndiye aliyejiondolea usalama. Wala kumlaza root tena hakukutosha, kwa maana atakayekuja angemwamsha kwa njia ile ile. Dawa ya muda ilikuwa kumwamsha kwa kusudi na kumpa neno la siri gumu, ili bawabu akute alama ya kweli mbele ya jina lake na asipate sababu ya kwenda kwenye njia ya kale.

Ulimwengu ulipata kujua tarehe 28 Novemba 2017, pale Lemi Orhan Ergin, mtengenezaji wa programu wa Uturuki, alipouandikia msaada wa Apple hadharani katika Twitter. Alilaumiwa sana. Desturi ya wachunguzi ni kumwambia mtengenezaji faraghani na kumpa muda wa kurekebisha kabla ya kutangaza. Kundi la wachunguzi la Google, kwa mfano, lilikuwa likitoa siku 90. Ergin hakuwa mchunguzi wa kazi hiyo. Alieleza baadaye kwamba wenzake kazini walikutana na kasoro hiyo walipokuwa wakimsaidia mfanyakazi aliyepoteza mamlaka juu ya mashine yake, na kwamba walikwisha kuiarifu Apple tarehe 23 Novemba. Lakini lenye uzito zaidi ni la kabla ya hapo. Tarehe 13 Novemba, katika baraza la Apple lenyewe la watengenezaji wa programu, mtu mmoja alikuwa ameiandika njia hii kama dawa. Wengine walilalamika kwamba wamepoteza usimamizi wa mashine zao, naye akawaambia waandike root, waache neno tupu, wabofye. Ilikaa pale zaidi ya wiki mbili. Waliohitaji dawa waliitumia na kushukuru.

Yafaa kuwaonea huruma wote waliopita hapo wakaona tiba wasione ugonjwa, kwa maana mwenye shida ya kuingia nyumbani mwake haulizi kwa nini dirisha halina komeo. Ila kumtwika Ergin lawama zote ni kumhukumu mpiga yowe na kumwacha aliyejenga ukuta. Njia ya faragha ni bora, nayo ingewaepusha wengi na wiki ya hofu. Lakini siri iliyokwisha kuandikwa mahali pa wazi ni vigumu kuiita siri, na kelele zake zilileta kwa siku moja kilichokuwa hakijaonekana kwa siku kumi na tano.

Si kila ngazi ya namna hii huwa fupi hivyo. Katika sudo, programu inayompa mtumiaji mamlaka ya root kwa kazi moja moja, kosa liliingia Julai 2011 na kukaa mpaka kampuni ya Qualys ilipolitangaza tarehe 26 Januari 2021. Mkwaju mmoja wa kuegemea nyuma, ukiwekwa mwisho wa maneno, uliifanya programu ivuke mpaka wa kumbukumbu iliyotengewa na kuandika juu ya mali ya wengine. Apple nayo ilikuwa na sudo katika mashine zake, ikaitia kiraka mwezi Februari mwaka huo. Kosa hilo lilidumu karibu miaka kumi, katika maandishi ambayo mtu yeyote duniani angeweza kuyasoma. Lakini kulitumia kulihitaji fundi hodari. Lile la High Sierra lilidumu miezi miwili na halikuhitaji fundi. Lipi lina aibu zaidi, kila mmoja ataamua kwa kadiri anavyopenda kuwaogopa mafundi au watoto.

Kiraka cha Apple kilitoka asubuhi ya tarehe 29 Novemba, hata siku moja haijatimia, na siku hiyo hiyo kikaanza kupelekwa chenyewe kwenye mashine. Kampuni iliomba radhi. Haraka yake ilikuwa njema, ila haraka haikosi deni. Kwa watu wengine kiraka kiliharibu huduma ya kushirikiana faili kati ya mashine na mashine, ikabidi waandike amri ya pekee kuirejesha. Tena wako waliokuwa bado na toleo la kwanza la High Sierra, wakatia kiraka kama walivyoagizwa, kisha wakapanda kwenye toleo lililofuata, 10.13.1. Kupanda huko kulileta programu ya zamani ya bawabu ikakaa juu ya ile iliyorekebishwa. Kiraka kikapotea, wao wakidhani wanacho, na hata kilipotiwa upya hakikufanya kazi mpaka mashine izimwe na kuwashwa. Hakuna aliyewaambia mapema kwamba wazime. Wapo watu ambao hukaa na kompyuta mwezi mzima wakiifunga kifuniko tu na kuifungua, na kwa hao bawabu aliendelea kuchonga funguo.