Mtoto Akicheza na Msimu, Anajifunza

Mimi ni bwana shamba. Kwa miaka mingi nimefanya kazi katika vijiji vya Dodoma. Huku kwetu tuna msimu mmoja wa mvua. Mvua huanza mwezi Desemba na kukoma mwezi Aprili. Tunalima mtama, uwele, karanga na alizeti.

Leo sitasema juu ya mbolea wala samadi. Nataka tuzungumze juu ya watoto wa darasa la awali.

Mara nyingi nimewasikia wazazi wakilalamika. Wanasema, "Mtoto anarudi na matope mwilini. Kutwa ni kucheza tu. Afadhali aje shambani kuamia ndege." Basi uwele unapokaribia kukomaa, darasa hubaki na watoto wachache. Je, wazazi hao wanasema kweli? Tutazame michezo yenyewe.

Wakati wa mvua udongo ni laini. Watoto hufinyanga vyungu, ng'ombe na watu. Kazi hiyo hutia vidole nguvu. Vidole hivyo ndivyo vitakavyoshika penseli.

Tena watoto hupanda kunde katika makopo mawili. Kopo moja hutiwa maji, la pili halitiwi. Kila asubuhi watoto huenda kuangalia. Baada ya siku tano au sita, kunde za kopo la kwanza huchomoza. Za kopo la pili hazionekani. Mwalimu huuliza, "Kwa nini?" Mtoto anayejibu swali hilo amejifunza kutazama, kulinganisha na kutafuta sababu. Mimi nilifundishwa jambo hilo hilo chuoni, nilipokuwa nikisomea cheti cha kilimo.

Wakati wa mavuno vitu vya kuhesabia ni vingi. Mwalimu huchanganya karanga, kunde na mahindi. Watoto huzitenga mafungu mafungu. Huhesabu magunzi mpaka kumi. Hupanga mabua kutoka fupi mpaka refu. Kwa mabua hayo hutengeneza magari. Gari moja lina magurudumu manne. Magari mawili yana mangapi? Hiyo ni hesabu, ingawa mtoto anaona ni mchezo.

Wakati wa kiangazi upepo ni mwingi na ardhi ni kavu. Watoto hurusha vishada. Huandika herufi mchangani kwa kidole. Hupima kivuli cha mti kwa hatua. Asubuhi kivuli ni kirefu, adhuhuri ni kifupi. Hivyo huanza kujua saa.

Sasa turudi kwenye ndege. Kuamia ndege ni kazi muhimu, nami sikatai. Lakini kundi la kwelea kwelea likishuka shambani, hata watu wazima hushindwa. Mtoto wa miaka mitano atafanya nini? Ukiona kundi kubwa, mwarifu afisa kilimo mapema. Mtoto mwache darasani.

Elimu ya awali iliingizwa katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995. Sera ya mwaka 2014 iliifanya kuwa ya lazima. Darasa hili si mahali pa kuwaweka watoto wasisumbue nyumbani. Ni mwanzo wa shule.

Mzazi, unaweza kumsaidia mwalimu bila kutoa fedha. Peleka makopo matupu, magunzi, mabua na udongo wa kufinyangia. Peleka na mbegu kidogo, lakini angalia sana. Usipeleke mbegu za dukani zilizotiwa dawa. Mara nyingi hizo zimepakwa rangi, kama nyekundu au kijani. Dawa hiyo ni sumu. Mbegu ya chakula chako cha nyumbani inatosha. Watoto wachezee mbegu mbele ya mtu mzima, kwa sababu huweza kuzitia puani au masikioni. Wakimaliza, wanawe mikono kwa maji na sabuni.

Mtoto akirudi jioni na matope, usimgombeze. Muulize, "Leo mmecheza nini? Kunde zimeota?" Mwache akueleze mpaka amalize. Akieleza, anajifunza mara ya pili.

Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji. Mtoto wa miaka mitano ndiye udongo huo. Tumpeleke darasani msimu wote, wa mvua, wa mavuno na wa kiangazi.